Sindano Isiyo na Dawa: Ukienda Kliniki ya Akupancha

Popote ulipo, iwe unachambua mboga, iwe uko kibandani sokoni, au umeketi kando ya kitanda cha mgonjwa, ongeza sauti kidogo. Leo tunazungumza kuhusu tiba ambayo wengi wetu tunaijua kwa mabango ya barabarani tu, nayo ni tiba ya sindano ya Kichina, yaani akupancha.

Mada hii inawahusu hasa akina mama wa aina tatu. Wa kwanza mgongo wake umekataa kunyooka tangu alipojifungua kitinda mimba. Wa pili anamtunza mama mkwe aliyepata kiharusi, mkono mmoja hauinuki na maneno hayatoki sawasawa. Wa tatu ana mtoto wa miaka miwili ambaye bado hajaketi, na hospitalini ameambiwa kwamba ni mtindio wa ubongo. Wote watatu siku moja wataambiwa na jirani, "Kwani hujampeleka kwa Mchina? Kuna mtu alienda huko akiwa amebebwa, akarudi akitembea." Na papo hapo nauli inaanza kutafutwa. Basi kabla ya kuuza kuku, tuelezane tiba hii ni nini, inafanywaje, na ni nani inayeweza kumfaa.

Tuanze na sindano yenyewe, maana ndiyo inayotisha. Sindano ya chanjo unayoijua ina tundu katikati, kwa kuwa dawa hupitia humo. Sindano ya akupancha haina tundu na haina dawa yoyote. Ni kama uzi mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, na unene wake mara nyingi ni kati ya milimita 0.16 na milimita 0.30. Ile inayotumiwa sana hospitalini kwa kudunga kwenye msuli huwa na kama milimita 0.6. Kwa hivyo ukilinganisha, hii ya Kichina ni nyembamba mara mbili au zaidi, na hujipinda kidogo ukiigusa. Ndiyo sababu mara nyingi huchomwa kwa kusaidiwa na kijibomba kidogo cha plastiki. Kijibomba huwekwa juu ya ngozi, kichwa cha sindano hugongwa kwa kidole mara moja, kisha kijibomba huondolewa.

Wachina wameitumia tiba hii kwa zaidi ya miaka 2000. Mafundisho yao ya kale husema kwamba mwilini kuna nguvu ya uhai iitwayo chi, inayopita katika njia maalumu, na kwamba ugonjwa huja pale njia hizo zinapoziba au nguvu hiyo inapopungua. Sindano huchomwa mahali maalumu kwenye njia hizo ili kuifungulia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo unaoonyesha mahali 361 pa kuchomea, ili waganga wa nchi mbalimbali wasitofautiane. Hata hivyo, wanasayansi waliopasua na kuchunguza mwili wa binadamu hawajaziona njia hizo. Wanachojua ni kwamba sindano huamsha mishipa ya fahamu, na mwili ukiamshwa hivyo hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Mwaka 2010 UNESCO iliiorodhesha akupancha miongoni mwa turathi za utamaduni wa binadamu. Ni heshima kubwa, lakini urithi ni jambo moja na kuponya ni jambo lingine.

Je, inasaidia? Jibu la kweli ni kwamba inasaidia baadhi ya maumivu, kwa kiasi, na kwa baadhi ya watu. Nitakusimulia utafiti mmoja uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2007, kwa maana unafundisha mengi. Watu 1,162 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano kwa kufuata mafundisho ya Kichina. Kundi la pili lilichomwa juu juu tu, mahali pasipo na maana yoyote katika mafundisho hayo. Kundi la tatu lilipewa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa karibu asilimia 48, na katika kundi la tatu asilimia 27. Hapo mtetezi wa akupancha atapiga makofi. Lakini kundi la pili, lile lililochomwa ovyo, lilipata nafuu asilimia 44!

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba nafuu ilikuwepo, tena kubwa kuliko ya dawa na mazoezi peke yake, ila mahali pa kuchoma hapakuleta tofauti kubwa. Huenda sehemu ya nafuu ilitokana na sindano yenyewe, na sehemu nyingine ikatokana na kulala kimya nusu saa, kuguswa na kusikilizwa. Mama anayeamka saa kumi za alfajiri kuteka maji anajua thamani ya kulazwa nusu saa bila kuitwa na mtu. Mimi sikejeli nafuu ya namna hiyo, lakini asije mtu akakutoza pesa nyingi kwa madai kwamba ni yeye peke yake anayejua siri ya mahali pa kuchoma.

Kwa hiyo, anayesumbuliwa na maumivu ya muda mrefu ya kiuno, ya shingo, au ya goti lililochakaa kwa uzee anaweza kujaribu. Anayeumwa na kipandauso pia anaweza. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2012 unasema mgonjwa wa kipandauso anaweza kufikiriwa kupewa hadi vikao 10 vya akupancha katika wiki 5 hadi 8, iwapo dawa za kukizuia hazikumfaa. Pia kuna ushahidi mzuri kwamba kuamsha mahali fulani upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu juu ya kifundo cha kiganja, hupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji. Huko Uswidi utafiti wa mwaka 2005 uliwafuata wajawazito 386 wenye maumivu ya nyonga, na waliochomwa sindano pamoja na huduma ya kawaida walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida peke yake.

Sasa tugeukie pale inapotumiwa vibaya, na hapa naomba unisikilize vizuri zaidi. Akupancha haiponyi malaria. Haiponyi nimonia, kifafa, kisukari, presha, saratani wala virusi vya UKIMWI. Ukiambiwa uache dawa za kupunguza makali ya virusi, au za presha, au insulini ya sukari, ili sindano "zifanye kazi bila kuingiliwa", beba kikapu chako uondoke. Mtoto mwenye joto jingi, anayepumua kwa haraka, anayetapika kila kitu au aliyepatwa na degedege hapelekwi kwa akupancha hata kama kliniki iko mlango wa pili. Anapelekwa hospitali. Na mjamzito anayeumwa na kichwa sana, anayeona ukungu, aliyevimba uso na mikono au anayetoka damu, hiyo si kazi ya sindano za Kichina. Huenda ni kifafa cha mimba kinapiga hodi, na dakika zina thamani.

Tuje kwa mama mkwe mwenye kiharusi. Kuna ujumbe unaosambazwa kwa simu mwaka baada ya mwaka, unaosema mtu akianguka na kiharusi, mchome ncha za vidole vyote kumi kwa sindano vitoe damu, kisha umvute masikio, naye atapata fahamu. Ni uongo. Ukiona mdomo wa mtu umepinda ghafla, mkono umelegea, maneno yanakokota, mkimbize hospitali kubwa saa hiyo hiyo na uangalie saa ilikuwa ngapi dalili zilipoanza. Kiharusi cha damu iliyoganda kina dawa ya kuyeyusha, lakini dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya kichwa kupigwa picha. Kila dakika mnayotafuta sindano ya kushonea nguo ili mchome vidole, sehemu nyingine ya ubongo inakufa.

Baada ya miezi, mgonjwa akiwa nyumbani, wengi hutaka kujaribu akupancha. Tafiti zilizofanywa hazijatoa jibu la wazi kwamba inarudisha nguvu za mkono au mguu. Linalojulikana kusaidia ni mazoezi ya fiziotherapi, yanayorudiwa kila siku hata na wewe mwenyewe hapo nyumbani, pamoja na dawa za presha za kuzuia kiharusi cha pili. Ikiwa pesa zinatosha kwa jambo moja tu, zipeleke kwa fiziotherapi na dawa.

Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Najua, mama, jinsi inavyouma kuona wa rika lake wanakimbia naye bado anashikiliwa shingo. Moyo wa namna hiyo huamini upesi. Lakini mtindio wa ubongo ni jeraha lililoupata ubongo ulipokuwa bado unakua, na hakuna sindano inayoliondoa. Mtoto anaweza kufundishwa kuketi, kushika, kumeza na kuwasiliana kadiri ya uwezo wake, na umri mdogo ndio wakati bora wa kumfundisha. Ndiyo maana hasara kubwa si pesa tu, ni miezi anayokosa mazoezi kwa sababu mnasubiri muujiza. Ukitaka kujaribu akupancha pembeni, zungumza kwanza na mtaalamu wake wa mazoezi, wala usikose siku yake ya kliniki hata moja.

Haya, tuseme umeamua kwenda. Unaanzia wapi?

Anzia kwa daktari wako wa kawaida. Maumivu ni mlinzi wa mwili, na si vizuri kumnyamazisha mlinzi kabla hujajua ameona nini. Mgongo unaouma usiku pamoja na homa na kukonda huenda ukawa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hapa kwetu kifua kikuu si mgeni. Mgongo unaouma huku miguu inakufa ganzi au mkojo unakataa kuzuilika unahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha chunguza kliniki yenyewe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ya hapa Kenya inatambua tiba za asili na tiba mbadala, lakini kutambuliwa na sheria hakumfanyi kila mwenye bango kuwa mtaalamu. Uliza leseni. Kituo cha afya kilichosajiliwa huwa na cheti kutoka kwa baraza la madaktari, KMPDC, kikiwa kimebandikwa mahali pa kuonekana. Kibali cha biashara cha kaunti ni cha kuendesha biashara, hakithibitishi kwamba mtu amesomea tiba. Baadhi ya wataalamu wa fiziotherapi nao wamefunzwa kutumia sindano kwa misuli iliyokaza, na hao wana baraza lao la usajili. Muulize kwa adabu, "Daktari, ulisomea wapi kazi hii, na umeifanya kwa miaka mingapi?" Aliyesoma hatachukia.

Siku ya kwenda, kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla. Usiende na njaa, maana wanaozirai kwenye sindano mara nyingi ni wenye njaa, waliochoka sana au wenye hofu nyingi. Vaa nguo pana, sketi au suruali inayopanda hadi gotini na blauzi ya mikono inayokunjika. Beba leso mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifunika. Acha vikuku na cheni nyumbani. Na zile dawa mgonjwa anazomeza, usiandike majina ukakosea herufi. Zitie zote kwenye mfuko uende nazo zilivyo, pamoja na kijitabu chake cha hospitali.

Ukifika utaulizwa maswali mengi, mengine yatakushangaza. Unalalaje? Unapenda maji ya moto au baridi? Choo kikoje? Damu ya mwezi hutoka rangi gani? Utaambiwa utoe ulimi autazame, kwa hivyo usiwe umetoka kula pipi ya rangi au kunywa soda nyekundu. Kisha atashika kifundo cha mkono wako kwa vidole vitatu, kulia na kushoto, na kunyamaza kwa muda akisikiliza mpigo. Huo ndio upimaji wao wa jadi. Hauchukui nafasi ya kipimo cha damu wala cha presha. Na pengine utakutana na mashine ya kushika mkononi ambayo baada ya dakika moja huchapisha orodha ndefu ya magonjwa, ini limechoka, figo zina sumu, na kadhalika. Mashine hiyo haipimi chochote cha maana. Mara nyingi kazi yake ni kufungua njia ya kuuziwa dawa za chupa zilizopangwa kwenye rafu.

Ikiwa mganga anazungumza Kichina kwa kupitia mkalimani, hakikisha mambo fulani yametafsiriwa na yamerudiwa: kama una mimba au unashuku unayo, kama mgonjwa anameza dawa ya kuzuia damu kuganda kama vile warfarin, kama ana kisukari, kama ana kifafa, kama ana kifaa kifuani cha kusaidia moyo kupiga, kama ana pumu. Mimba hasa, kwa sababu kuna sehemu ambazo waganga wa jadi wa Kichina wenyewe hawazichomi kwa mjamzito, mojawapo ikiwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na nyingine upande wa ndani wa mguu juu kidogo ya kifundo.

Ukishalala kitandani, macho yako yawe kwenye mikono yake. Anawe. Apanguse ngozi kwa spiriti. Pakiti ya sindano iwe mpya, haijafunguliwa, tarehe yake haijapita, na aifungue mbele yako. Sindano ikishatumika inatupwa kwenye kisanduku kigumu kama kile cha kliniki ya chanjo. Hairudishwi kwenye sahani, haichemshwi, na hata ukiambiwa ni "yako peke yako, tutakuwekea hadi wiki ijayo", kataa. Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1977, eneo la West Midlands nchini Uingereza, watu waliotibiwa kwa akupancha waliambukizwa homa ya ini aina ya B kupitia sindano. Nasi tuna sababu ya pili ya kuogopa, nayo ni virusi vya UKIMWI. Ukigundua umechomwa kwa sindano iliyotumika kwa mtu mwingine, nenda hospitali mara moja, maana dawa za kuzuia maambukizi huanzishwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa. Si lazima ugombane. Sema tu, "Daktari, samahani, naomba uifungue pakiti nikiona." Ukijibiwa kwa ukali, vaa viatu vyako.

Sindano ikiingia utahisi kama umeng'atwa na siafu mdogo, au hutahisi kitu. Baada ya hapo mganga huizungusha kidogo na unahisi uzito, ganzi, joto, au kama kitu kinatambaa chini ya ngozi. Hiyo ni kawaida, na ndiyo hali wanayoitafuta. Isiyo ya kawaida ni maumivu makali yanayochoma kama umeme. Ukiyasikia, sema hapo hapo, usijikaze ati wewe ni mama shujaa. Sindano zinaweza kuwa chache, ama kumi na kitu, na hukaa dakika 20 hadi 30. Wakati huo usijigeuze. Wengi husinzia. Mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto kabla, na aende na mtu wa kumshika, kwa sababu mtoto akilia ukiwa na sindano mgongoni huwezi kuruka kumchukua. Watoto wadogo wanapotibiwa, sindano mara nyingi huchomwa na kutolewa papo hapo.

Kuna kliniki zinazounganisha sindano na waya ndogo za kimashine cha betri, kinachotoa umeme mdogo unaogonga gonga msuli. Mwenye kifaa cha moyo hafai kufanyiwa hivyo. Kuna wanaochoma majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, yakisogezwa karibu na ngozi ili kuipasha joto. Moshi wake ni mzito, na wapo watakaodhani ni bangi! Si bangi, ni majani ya jamii ya pakanga, lakini mwenye pumu akae mbali nayo. Na kuna vikombe vinavyonyonya ngozi mgongoni. Hivi havitakuwa vigeni kwako, maana ni kuumika kule kule, chuku ya wazee wetu na hijama ya ndugu zetu Waislamu. Vikombe vikitolewa ngozi hubaki na duara za wekundu au weusi kwa siku kadhaa, bila madhara. Kama wanachanja ili damu itoke, masharti ya usafi ni yale yale, wembe mpya kwa kila mtu.

Kwa mgonjwa wa kiharusi au wa kisukari, joto ndilo adui asiyeonekana. Mguu uliokufa ganzi hauhisi kwamba taa imesogea karibu mno. Mama mkwe ataungua huku akitabasamu, na kidonda cha mguu wenye kisukari ni safari ndefu. Kwa hivyo usimwache peke yake. Keti kando yake, weka kiganja chako mwenyewe pale taa inapomulika, na ukiona wewe huvumilii, mwite muuguzi. Kama hawezi kusema, kubalianeni ishara kabla ya kuanza: "Mama, ukiumia nifinye mkono mara mbili." Ni haki yake kufunikwa, kuwa na mtu wake chumbani, na kutofunua sehemu isiyotibiwa. Hakuna mganga anayehitaji kukuvua nguo zote ili akuchome goti.

Sindano zikitolewa, zihesabiwe. Hesabu zilipoingia, hesabu zinapotoka. Angalia sana kwenye nywele na nyuma ya masikio, huko ndiko husahauliwa. Tone la damu au alama ndogo ya bluu si jambo la kuogofya. Bonyeza pamba kidogo. Keti dakika kumi kabla ya kusimama, kunywa maji au chai, ndipo mwende stejini. Baadhi ya watu huhisi usingizi siku nzima, kwa hiyo usipange kufua mablanketi siku hiyo.

Jambo adimu lakini zito ni hili. Sindano iliyochomwa kwa kina kirefu mabegani, kifuani au mgongoni juu inaweza kutoboa pafu. Mtu akianza kushindwa kupumua, au kifua kikimchoma akivuta pumzi, iwe papo hapo au usiku akiwa nyumbani, ni hospitali bila kungoja asubuhi, na mweleze daktari kwamba alichomwa sindano siku hiyo. Mahali palipochomwa pakivimba, pakiwa pekundu na moto au pakitoa usaha, onyesha pia.

Kuhusu dawa za mitishamba zinazouzwa baada ya sindano, niseme tu kwamba kuitwa za asili hakuzifanyi kuwa salama. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wapatao 100 waliomeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina waliharibika figo. Tena Uchina hiyo hiyo imetupa artemisinin, msingi wa dawa tunazotumia leo kwa malaria, na Tu Youyou aliyeigundua alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kwamba hii ilichunguzwa, ikapimwa, na kiasi chake kinajulikana. Chupa isiyo na maandishi unayoweza kuyasoma iache kwenye rafu, hasa ukiwa na mimba au unanyonyesha.

Mwisho ni pesa. Uliza bei ya kikao kimoja kabla ya kulala kitandani, na uulize kama bima yako inagharimia. Kliniki nyingi zitakuomba ulipe vikao kumi kwa pamoja, eti kuna punguzo. Usikubali siku ya kwanza. Lipa kimoja kimoja, na udai risiti. Siku ya kwanza andika kwenye karatasi ni mambo gani mgonjwa hawezi kufanya kwa sababu ya maumivu: kuinama kufagia, kubeba mtungi, kulala ubavu wa kushoto. Baada ya vikao vinne au vitano itoe karatasi hiyo uisome tena. Kama anafagia, endelea kidogo. Kama orodha iko vile vile, hizo zilizobaki zitanunua maziwa.

Wiki ijayo, siku na saa kama hii, tutaendelea na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na mazoezi ya shingo na mgongo ambayo mama anaweza kuyafanya mkekani bila kifaa chochote. Uwe na mkeka na mto karibu. Kwaheri kwa sasa.